Maana ya "Maktaba" kwa Watungaji wa Programu

Neno maktaba, kwa watungaji wa programu za kompyuta, halimaanishi nyumba ya vitabu, bali mkusanyo wa kanuni zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambazo mtungaji huzikopa badala ya kuzibuni upya. Mfano ni Commons Math ya Wakfu wa Apache wa Marekani, iliyotolewa mwaka 2004 kwa lugha ya Java. Ni nyepesi, kwani haitegemei maktaba nyingine zaidi ya zile za Commons; tena msimbo wake u wazi kwa yeyote.

Manufaa yake hudhihirika katika jambo linalodhaniwa dogo. Zichukuliwe namba 1, 2 na 3: jumla ya miraba ya tofauti zao na wastani ni 2. Kila namba ikiongezwa bilioni moja, jibu halina budi kubaki 2. Walakini, ajumlishaye miraba ya namba zenyewe, kisha akatoa mraba wa jumla yao uliogawanywa kwa 3, hatalipata. Miraba hiyo ina tarakimu 19, ilhali namba ya desimali ya Java huhifadhi takriban 16 tu. Pengine kanuni hiyo huzaa hata jibu hasi, jambo la muhali kwa miraba! Maktaba hii hutafuta wastani kwanza, ndipo ikapima tofauti. Naye mwenye shaka aweza kuufungua msimbo akajionea.