Redio Ndogo ya Homa Bay

Kusini ya Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, uko mji wa Homa Bay. Mwezi wa Mei, mwaka 1982, kilianzishwa huko kituo kidogo cha redio kwa msaada wa UNESCO. Wengi wenye ujuzi wa mambo ya utangazaji hukihesabu kuwa cha kwanza cha namna yake katika Afrika, yaani redio ya wenyeji wa mahali, isiyotafuta faida wala kusema na nchi nzima.

Mtambo wake ulikuwa mdogo, wa gharama nafuu, na sauti yake haikufika mbali. Lakini ilisema Kijaluo, na hapo ndipo penye maana ya jambo hili. Mkulima wa Nyanza humjua adui wa mahindi na mtama kwa jina la kayongo, ambalo kwa Kiswahili ni kiduha. Gugu hilo hushika mizizi ya nafaka na kuinyonya chini ya ardhi kabla halijachomoza, na mbegu zake, ndogo kama vumbi, hukaa udongoni miaka mingi. Halina budi kung'olewa kabla ya kuzaa. Onyo hilo likitolewa kwa lugha ya kigeni, mama mwenye jembe atasikia kelele tu. Likitolewa kwa lugha ya nyumbani, kesho yake ataingia shambani.

Kituo hicho hakikudumu. Mwaka 1984 Serikali ya Kenya ilikifunga. Miaka ya 1990 wataalamu wa ICIPE huko Mbita, kando ya ziwa hilo hilo, walitambua kwamba desmodiamu ikipandwa kati ya mistari ya mahindi huzuia kiduha. Elimu hiyo ilipopatikana karibu na Homa Bay, redio ya Homa Bay ilikuwa imekwisha nyamaza.

Hata hivyo mbegu haikuoza. Mwaka 2004 vikundi vya wanawake wa Mang'elete, katika Ukambani, walianza redio yao wenyewe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, iliiagiza Serikali kukuza lugha za wenyeji.

Mlango sasa u wazi, lakini redio ya namna hii haiishi kwa sheria peke yake. Huishi kwa watu wanaochanga, wanaotunza mtambo wao, na wanaothubutu kuuliza. Asiyeuliza hana ajifunzalo.