Unafuma mwezi mzima, faida iko wapi?

Jioni katika mitaa ya Sogea, Majengo na Kaloleni mjini Tunduma, si ajabu kumkuta mwanamke ameketi barazani na kroshia mkononi, mpira wa uzi ukizunguka ndani ya beseni miguuni mwake. Anaongea na jirani, anamkemea mtoto anayechezea maji, anakwenda kuchungulia maharage jikoni, akirudi anaendelea kufuma. Anayepita huona mtu anayepumzika. Hata mwenyewe akiulizwa anafanya kazi gani, mara nyingi hujibu kwamba yupo tu nyumbani.

Jibu hilo ndilo linalomponza siku ya kupanga bei.

Mteja anapouliza seti ya vitambaa vya makochi ni shilingi ngapi, mfumaji huyu hukumbuka pesa ya uzi, huongeza kidogo cha juu, kisha hutaja. Zile jioni zote za barazani hazimo kwenye hesabu, kwa sababu tangu mwanzo hakuziita kazi. Mwezi unaisha, seti imeuzwa, pesa imepita mkononi, unga umenunuliwa, na uzi wa seti nyingine haupo. Mume anauliza, na ana haki ya kuuliza: unafuma mwezi mzima, hiyo faida iko wapi?

Swali hilo limezua ugomvi katika nyumba nyingi. Wengine huishia kuambiwa waache huo mchezo, wakae dukani au wauze nyanya. Kabla ya kuiacha kroshia, ni vyema hesabu ikapigwa walau mara moja, kwa kalamu na karatasi.

Hesabu ya seti moja

Chukulia seti ya vipande tisa. Bei zinazotajwa hapa ni za mfano, kila mfumaji ataweka za duka analonunulia. Uzi umekwenda Sh30,000. Seti inauzwa Sh50,000. Kwa hesabu ya kichwani, faida ni Sh20,000, na kwa wengi habari huishia hapo.

Lakini bodaboda ya kwenda na kurudi sokoni kufuata uzi, kisha safari nyingine ya kumpelekea mteja mzigo, ni Sh4,000. Bando la kutuma picha kwenye WhatsApp na kupiga simu, Sh1,500. Sabuni na wanga wa kufulia na kunyooshea, Sh500. Mfuko wa kufungia, Sh500. Kroshia nayo huvunjika au hupotea, basi kila seti iichangie Sh500. Jumla Sh7,000. Faida ya Sh20,000 imebaki Sh13,000, na bado mfumaji mwenyewe hajalipwa chochote.

Sasa saa. Kipande kimoja chenye maua ya kubebana kikichukua saa tano, vipande tisa ni saa 45. Gawanya Sh13,000 kwa saa 45, unapata Sh289 kwa saa. Kwa siku ya saa nane hiyo ni kama Sh2,300. Huyu huyu mama akiitwa kupalilia shamba la kahawa la mtu huko Mbozi kwa ujira huo atauliza kama anataniwa. Anaukubali barazani kwake kwa sababu hakuna aliyemtajia, wala yeye mwenyewe hajajitajia.

Njia ya kutoka hapo ni kujipangia ujira kabla ya kutaja bei. Akisema saa yake moja ni Sh800, saa 45 ni Sh36,000. Weka uzi, weka zile gharama ndogondogo, seti imemgharimu Sh73,000. Akiongeza asilimia 20 ya faida, anafika karibu Sh88,000.

Ujira na faida ni vitu viwili. Ujira ni wa mikono, ndio unaonunua unga, mafuta na daftari la mtoto, na kuula si kosa. Faida ni ya biashara. Ndiyo inayoongeza uzi, inayobeba seti iliyochafuka au mteja aliyetoroka na deni, na siku moja inayonunua cherehani. Asiyevitenganisha hula vyote viwili, mara nyingine na pesa ya uzi juu yake. Wengine hutumia makopo mawili tu kabatini, wengine laini mbili za simu. Namna yoyote inafaa, mradi pesa ya uzi isikae pamoja na pesa ya mboga.

Na kama mteja hataki?

Hapo ndipo ushauri mwingi wa ujasiriamali unapokosea, kwani humwambia mfumaji ajiamini na atoze anachostahili, kana kwamba mteja wa Tunduma hana macho. Anayo. Barabara hiyo hiyo ina maduka yenye vitambaa vya kiwandani vilivyofungwa kwenye nailoni, vinang'aa, bei iko chini. Kumtajia Sh88,000 mtu aliyezoea Sh50,000 ni kumfukuza.

Kushusha bei mpaka ilingane na ya kiwandani nako ni kujimaliza, maana mashine haichoki wala haina watoto. Mahali pa kupunguza ni kwenye saa. Yale maua ya kubebana ni mazuri, lakini wateja wengi hawayalipii, kwa sababu hawaoni tofauti kati ya kipande cha saa tano na cha saa tatu. Mfumaji ndiye anayeiona. Akichagua mtindo mwepesi, saa tatu kwa kipande, seti nzima ni saa 27. Ujira wake unakuwa Sh21,600, uzi unapungua mpaka kama Sh24,000, gharama nyingine zile zile Sh7,000. Jumla Sh52,600. Akiuza Sh65,000 amejilipa saa zote na bado ana faida ya Sh12,400. Seti ya maua ya kubebana inabaki kuwa ya oda, kwa anayeipenda kweli na yuko tayari kuilipia.

Wengine watasema huko ni kuua ufundi. Pengine. Lakini ufundi unaofumwa kwa Sh289 kwa saa hufa wenyewe, siku fundi anapochoka.

Akiijua Sh52,600 yake, hata kupatana kunabadilika. Mteja akianza na Sh45,000, mfumaji anajua kabla ya kufungua mdomo kwamba hapo anafanya kazi bure, na hana haja ya kukasirika. Anaweza kushuka mpaka Sh58,000 kwa anayechukua seti mbili. Mwenye duka akitaka kwa bei ya jumla ili naye auze, Sh55,000 inaingilika kwa shida, na Sh50,000 haiingiliki hata akiahidi kuchukua kumi. Seti kumi za hasara ni hasara mara kumi.

Ndugu, shoga na mali kauli

Mgumu kuliko mwenye duka ni wifi. Au jirani wa miaka mingi, au mama wa kwaya moja. Hawa hawapatani, wao husema tu: "Mimi nawe tena?" Mfumaji anapunguza Sh15,000 na moyoni ananung'unika, naye ndugu hajui hata kama amepunguziwa.

Wapo wanaolimaliza jambo hili kwa kuamua mapema. Kama ni zawadi, iwe zawadi kamili, apewe siku ya arusi au ya mtoto kuzaliwa, kwa furaha na bila malipo. Kama ni biashara, wifi atajiwe bei ya wote, na akipunguziwa aambiwe kwamba bei ni Sh65,000 na yeye atatoa Sh60,000. Hapo atajua amependelewa. Kumwuzia ndugu kwa nusu bei kimyakimya hakuna anachokishukuru na hakuna anachokiingiza.

Mali kauli ni jambo lingine. Mzigo unachukuliwa leo, pesa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi kuna ada, kuna msiba, kuna simu isiyopokelewa. Kwa kazi ya mikono ni busara kupokea nusu ya bei kabla ya kuanza. Nusu ya Sh65,000 ni Sh32,500, inatosha uzi wote na gharama za pembeni, kiasi kwamba mteja akitoweka mfumaji amepoteza saa zake tu, mtaji haujaguswa. Mteja anayekataa kutoa chochote mwanzoni amekwisha kueleza atakavyolipa mwishoni.

Kwacha ikiingia

Tunduma ina jambo ambalo wafumaji wa Iringa au Singida hawalijui. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, Zambia, na tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa Oktoba 2019 watu na mizigo hupita hapo kila siku, pamoja na madereva wa malori waendao Zambia na Kongo. Dereva aliyekwama kwenye foleni ni mteja mzuri wa sweta na kofia, hasa Juni na Julai baridi inapokolea. Mara nyingi huyo ana kwacha mfukoni.

Chukulia siku hiyo kwacha moja inabadilishwa kwa Sh100. Seti ya Sh65,000 inakuwa kwacha 650. Mfumaji anapokea, anaziweka ndani ya Biblia au chini ya godoro, anasubiri zifike nyingi. Wiki mbili baadaye anakwenda kubadilisha, kwacha imeshuka mpaka Sh92. Anapata Sh59,800. Sh5,200 zimeyeyuka, karibu nusu ya ile faida yake ya Sh12,400, na hakuna aliyemwibia.

Wakongwe wa mpaka huu wanakumbuka Januari 2013, Zambia ilipoondoa sifuri tatu kwenye fedha yake. Asiyekuwa makini na noti za zamani na mpya alikuwa na jambo la kusimulia.

Siku hizi kuna sheria pia. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja, kutangaza au kupokea bei ya bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni hapa nchini. Kwa mfumaji hilo ni nafuu. Anataja Sh65,000, mteja anakwenda mwenyewe kubadilisha, na hatari ya kwacha kupanda au kushuka inabaki kwake. Anayevuka kwenda kuuza Nakonde atapokea kwacha, hilo haliepukiki, ila azibadilishe siku hiyo hiyo, na nauli ya kuvuka iingie kwenye bei.

Vyungu vinavyovunjika

Kuna gharama ambayo mfumaji haijui lakini mfinyanzi anaijua. Wanawake wa Kikisi, wanaofinyanga vyungu kando ya Ziwa Nyasa na kuviuza katika soko la Lyulilo karibu na Matema, hufanya kazi na kitu kinachopasuka. Kingine hupasuka kwenye moto, kingine njiani. Katika vyungu kumi, viwili vikivunjika, vinane ndivyo vinavyolipa udongo, kuni na saa za kumi. Kwa hesabu hiyo chungu kilichogharimu Sh4,000 kukifinyanga kimegharimu Sh5,000 kikiwa kizima sokoni. Ndivyo ilivyo pia kwa msusi wa vikapu ambavyo rangi yake hugoma kushika, au mfumaji ambaye sampuli yake imelowa kwenye maonesho ya Nanenane pale uwanja wa John Mwakangale, Mbeya. Nauli, malazi na chakula cha siku za Nanenane navyo vigawanywe kwenye vile vilivyouzwa huko, ndipo ijulikane kama safari ilikuwa biashara au matembezi.

Hesabu hizi zina uzito zaidi kwa wanaofikiria mkopo wa halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Haina riba, lakini marejesho yapo, na yatatoka kwenye faida. Kikundi kinachouza kwa bei ya kukisia hurejesha kwa pesa ya uzi, na baada ya miezi michache wanachama wanaanza kukwepana njiani.

Daftari la kurasa 40 linatosha kuanzia. Upande mmoja tarehe, uzi na nauli. Upande wa pili saa. Mama asiyependa kuandika anaye mtoto wa darasa la sita anayetafuta mazoezi ya kugawanya. Na kwa anayefuma masweta ya shule, muda wa kuanza ni Oktoba: ahesabu sweta ngapi anaweza kumaliza kabla shule hazijafunguliwa Januari, apokee nusu ya malipo ya oda hizo tu, na nyingine azikatae mapema ili mzazi apate muda wa kutafuta kwingine.