LINUX NI BURE, KUISASISHA SI BURE

Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, haiuzwi. Ubuntu, aina yake mojawapo iliyotoka mwaka 2004, hata sidii zake zilipelekwa kwa posta bila malipo hadi 2011. Siku hizi lazima uivute kwa intaneti, na Julai 2021 Serikali ya Uganda iliweka ushuru wa asilimia 12 juu ya data.

Ofisi ya tawi hapa Kampala yenye kompyuta tano hulipia masasisho yale yale mara tano. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine hugoma kupokea programu nyingine mpaka irekebishwe.

Dawa ni umoja. Kompyuta moja ivute na kuhifadhi, nyingine zichukue kwake. Kila tawi limfundishe mwanachama mmoja kazi hiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.