Moshi wa Jirani: Kibali cha Mazingira na Sharti Lililosahauliwa

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya darsa ya Alasiri hapa Manyoni, alinijia ndugu mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti. Uwanja wake umezungukwa na nyumba za watu. Mbegu huzipasha moto kabla ya kukamua, na mafuta huyachemsha kwa kuni na maganda, kisha moshi huingia vyumbani mwa majirani. Mmoja wao ni mama mwenye pumu. Ndugu yule alikuwa ameambiwa kuwa leseni ya biashara haimtoshi, anatakiwa kuwa na kibali cha mazingira. "Sheikh," akaniuliza, "kiwanja changu, mashine yangu. Kwa Shafii mtu huzuiwa kutumia milki yake?"

Nikamjibu kwa haraka kwamba asili katika madhehebu yetu ni kila mtu kutumia milki yake kwa mujibu wa ada. Akaondoka amefurahi. Usiku nikafungua Minhaj, nikaona kuwa nimempa nusu ya jawabu.

Mas'ala yenyewe yamo katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) anaieleza kauli iliyo sahihi zaidi: inajuzu mtu kuigeuza nyumba yake iliyo katikati ya makazi kuwa hamamu au zizi, na duka lake lililo kati ya wauza nguo kuwa la mhunzi. Hapa ndipo wengi tunapofunga kitabu. Lakini sentensi haijaisha. Anaweka sharti: achukue tahadhari na aziimarishe kuta. Na kabla ya hapo ameshasema kuwa mwenye kuvuka mipaka ya ada katika milki yake atalipa alichoharibu. Kwa hiyo ruhusa ipo, lakini imefungwa kwa tahadhari, na mwenye jukumu la tahadhari ni mwenye tanuri, si mwenye kukohoa.

Ni haki pia tuseme lililo dhidi yetu. Wafafanuzi wengi wa Kishafii walipambanua kati ya madhara yanayoifikia milki ya jirani, kama ukuta kupasuka, na yanayomfikia jirani mwenyewe, kama harufu na moshi. La kwanza walilizuia, la pili wakalivumilia. Kwa mtazamo huo ndugu yetu angeweza kusema ameshinda. Hata hivyo wanazuoni hao hao wa baadaye walijadili mtu anayekaanga chakula nyumbani kwake, harufu ikachelewa kuhofiwa kumharibia mimba jirani asipokionja. Wakasema ni wajibu ampe kiasi cha kuliondoa madhara hayo. Basi walichokivumilia ni kero. Mwili wa jirani unapoharibika, hukumu ni nyingine, na kifua cha mwenye pumu si kero.

Madhehebu mengine yalikuwa makali tangu mwanzo. Katika Mudawwana, kwa kauli ya Imam Malik (aliyefariki 179 Hijria), majirani wanaweza kumzuia anayetaka kujenga tanuri au hamamu kati yao ikiwa litawadhuru. Ibn Qudama Mhanbali ana kauli ya namna hiyo. Na wale waliokusanya Majalla ya dola ya Uthmania kati ya 1869 na 1876, kwa fiqhi ya Kihanafi, walitoa mfano ambao ungedhaniwa umeandikwa kwa ajili ya Mkoa wa Singida: tanuri au kinu cha kukamulia mafuta kilichojengwa ubavuni mwa nyumba hata mwenyewe asiweze kukaa kwa moshi au harufu. Hayo wakayahesabu kuwa madhara makubwa, yanayoondolewa kwa njia yoyote. Nilipokisoma kifungu hicho nilicheka peke yangu.

Kusubiri madhara yatokee ndipo mtu ashitaki kuna gharama yake, nasi tumeionja katika nchi hii. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walivuta moshi wa jaa la taka mpaka wakaenda mahakamani, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikaamuru Jiji liache. Jiji lilipoomba kuongezewa muda, Jaji Lugakingira alikataa, akiegemea haki ya kuishi katika ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao ikawabidi washitaki, wakashinda mwaka 1991. Haki ilipatikana, lakini baada ya watu kuugua.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iliugeuza mpangilio huo. Miradi iliyoorodheshwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na viwanda vilivyokwishakuwepo hufanyiwa ukaguzi. Kanuni za ubora wa hewa zikafuata mwaka 2007. Marekebisho ya 2018 yaliigawa miradi kwa uzito wake, ili mwenye mradi mdogo asibebeshwe mzigo wa kiwanda cha saruji. Tathmini huuliza unachoma nini, moshi unatokea wapi, nani anaishi upande unaoelekea upepo, nao wananchi husikilizwa. Muhtasibu wa zamani alifanya kazi ya namna hii: Shayzari, katika karne ya 6 Hijria, aliagiza sakafu za juu za matanuri ya waokaji ziinuliwe na ziwe na matundu mapana ya kutolea moshi. Na katika mas'ala yenye hitilafu, amri ya mtawala yenye maslahi ya watu huikata hitilafu.

Kuna upande wa pili ambao majirani hawapendi kuusikia. Majalla hiyo hiyo inasema aliyejenga nyumba mpya karibu na duka la mhunzi hana haki ya kulifunga kwa sababu ya kishindo cha nyundo. Viwanja vyetu vinasogelea mashine kila mwaka, na anayenunua rahisi kando ya kinu ajue alichonunua.

Kesho yake nilimfuata ndugu yule, nikamsomea ibara yote. Akanyamaza, kisha akauliza gharama za tathmini ni za nani. Nikamwambia ni zake. Hakufurahi. Lakini aliwaita majirani, na yule mama akawa wa kwanza kusema: mashine haina neno, tatizo ni kuni mbichi zinazowashwa alfajiri, pepo zikielekea kwake. Hilo mwenye mashine hakuwa amelijua. Dohani ikainuliwa, jiko likahamishwa upande wa pili wa uwanja, na kuni sasa hukaushwa kwanza.