Kolwezi: Batri mpya ya alarmu inakufa mapema, sababu iko kwenye saa za umeme

Ilikuwa saa nane usiku, katika komini ya Manika. Umeme ulikuwa umefika saa kumi na moja jioni, ukaondoka saa nne. Santrali ya alarmu, lile sanduku la chuma linalofungwa ukutani nyuma ya mlango wa chumba, ilianza kutoa sauti ndogo, ikanyamaza, ikarudia. Nilitoka kitandani na tochi ya simu. Kwenye klavie taa ya manjano ilikuwa inawaka. Kabla ya saa tisa klavie nzima ilizima. Nikafungua makusudi mlango wa saloni, mlango ambao alarmu inauchunga. Hakuna kilicholia.

Batri ya sanduku hilo ilikuwa na siku tisa tu tangu inunuliwe. Taa ya manjano ilikuwa inawaka tangu siku ya kwanza, na muuzaji alikuwa amesema itaondoka yenyewe. Tuliizoea. Kwa siku tisa watu sita wa nyumba hii walilala wakitegemea kitu kilichokuwa kinakufa kidogo kidogo. Na katika mji ambako wizi wa usiku ni mazungumzo ya kila siku, mkaaji hahitaji kuelezwa mwizi anapenda saa gani.

Asubuhi fundi alifika. Nilidhani atafungua sanduku mara moja. Lakini alianza kwa kuuliza: "Yaya, kwenu umeme unarudi saa ngapi, na unakaa saa ngapi?"

Swali hilo ndilo wengi wetu hatujiulizi tunapobadilisha batri. Ndani ya santrali nyingi za nyumba kuna batri ndogo ya risasi na asidi, iliyofungwa kabisa, ya volti 12 na ampea-saa 7. Uzito wake ni kilo mbili na kidogo. Umeme ukiwapo, santrali inakula umeme wa ukutani na wakati huohuo inalisha batri kwa karibu volti 13,7. Umeme ukikatika, batri inabeba kila kitu: santrali yenyewe, klavie, macho yanayoona mtu akipita, na sireni.

Tuchukue hesabu ya nyumba ya kawaida. Santrali na vifaa vyake inaweza kula ampea 0,15 bila sireni kulia. Batri iliyojaa ingeweza, kwenye karatasi, kukaa zaidi ya saa 40. Shida iko upande wa kujaza. Santrali nyingi ndogo zinalisha batri kwa ampea 0,35 hivi, kwa hiyo batri tupu inahitaji saa 20 au zaidi za umeme ili ijae. Nyumba inayopata umeme saa tano kwa siku inarudisha ampea-saa 1,75, halafu katika saa 19 zinazobaki inatoa 2,85. Kila siku pengo la zaidi ya ampea-saa moja. Wiki moja tu inatosha batri mpya kabisa kuwa tupu. Na batri ya risasi ikikaa tupu, chumvi ngumu inashika juu ya bati zake za ndani na haitoki tena. Batri ambayo ingeishi miaka mitatu mpaka mitano inakufa katika miezi michache. Mwenye nyumba anasema alidanganywa dukani, ananunua nyingine, inakufa vilevile.

Kwa mkaaji wa Lualaba jambo hili lina uchungu wake. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye mto wenye jina la jimbo letu. Waya mkubwa kutoka Inga, wenye urefu wa karibu kilomita 1.700, unaishia hapa Kolwezi tangu mwaka 1982, na ulijengwa kwa ajili ya migodi. Kobalti inayotoka katika ardhi yetu inaingia kwenye batri za simu na za magari ya umeme katika dunia nzima. Lakini batri ya alarmu haina hata chembe ya kobalti. Ni teknolojia ya karne ya 19, na inachotaka ni kulishwa saa nyingi bila kukatwa.

Basi, kabla ya kulipa, pima. Batri ya risasi inajipunguza yenyewe hata ikiwa imekaa dukani, na joto linaongeza kasi. Mwombe muuzaji aweke multimetri. Batri nzuri iliyojaa inaonyesha karibu volti 12,8 au zaidi. Ikiwa chini ya 12,4, imekaa sana bila kulishwa, mwachie. Tazama pia tarehe iliyogongwa kwenye plastiki, kama ipo. Ukubwa wa sanduku la batri na ampea-saa zake vifanane na vya ile ya zamani.

Kazi yenyewe ya kubadilisha haizidi dakika kumi, lakini ifanyike wakati umeme upo. Ukitoa batri ya zamani katika giza, santrali inazima kabisa. Ikiwaka tena saa yake imepotea, na santrali nyingine zinarudi katika hali zilizokuwamo, yaani kama zilikuwa zimefungwa kwa kulinda nyumba, sireni inaweza kulia usoni mwako. Namba za siri kwa kawaida hazipotei, kwa sababu zimeandikwa katika kumbukumbu isiyohitaji umeme. Wengi wanaogopa hilo bure.

Waarifu kwanza majirani, sentineli, na kampuni ya ulinzi kama umeunganishwa nayo. Zima ulinzi kwa namba yako. Ukifungua kifuniko santrali inaweza kulalamika kwamba inaguswa, hiyo ni kazi yake. Waya nyekundu kwenye ncha ya kujumlisha, nyeusi kwenye ya kutoa. Ukikosea hapo, fusibli inaungua, na kwenye santrali nyingine kadi nzima inaharibika. Usiguse waya za transfoma, pale unaingia umeme wa ukutani.

Sasa ile taa ya manjano. Kuweka batri hakuizimi palepale, na hapa muuzaji wetu hakusema uongo wote. Santrali inapima batri kwa ratiba yake: nyingine kila dakika chache, nyingine mara moja kwa siku, na batri iliyokaa dukani inaweza kushindwa kipimo cha kwanza mpaka ijae. Ipe siku moja ya umeme. Ikibaki, usiizoee kama tulivyofanya sisi, iulize. Kwenye santrali za DSC, ambazo asili yake ni Kanada, unabonyeza nyota kisha 2, na klavie inaonyesha namba za matatizo. Namba 8 ni saa iliyopotea, inarekebishwa kwa nyota, 6, namba ya siri ya mwenye nyumba, kisha 1. Namba 2 ni umeme wa ukutani kukosekana. Namba 1 inataka fundi, na ukiibonyeza tena inaeleza zaidi, batri ikiwamo. Paradox, nayo ya Kanada, ina kitufe cha TBL kwa kazi hiyohiyo. Santrali nyingine zinataka ufunge ulinzi na kuufungua mara moja ili kumbukumbu ya kosa ifutike.

Na kama namba yako ya siri bado ni 1234, ile iliyotoka nayo kiwandani, batri siyo tatizo lako la kwanza.

Baada ya taa kuzima ndipo jaribio la kweli linaanza. Shusha swichi kuu ya nyumba mchana na uache santrali iishi kwa batri peke yake, angalau saa moja. Pita mbele ya jicho. Fungua mlango. Acha sireni ilie sekunde mbili, kwani sireni ndiyo inayokula sana, na batri dhaifu inaanguka hapo hata kama klavie ilikuwa inawaka vizuri.

Kwetu fundi hakubadilisha batri tena. Aliijaza siku mbili kwake, akaipima, ikakubali. Halafu akahamisha waya wa transfoma kutoka kwenye umeme wa ukutani hadi kwenye invata inayolishwa na pano za sola, ile tuliyoinunua kwa ajili ya televisheni na taa. Kazi ya saa moja. Sasa santrali haijui kama mtaani kuna giza.

Ile batri ya zamani kabisa, iliyovimba pembeni, ilikuwa bado chini ya meza ya jikoni na watoto walikuwa wameanza kuichezea. Tuliiondoa siku hiyohiyo. Kule Owino Uhuru, mjini Mombasa nchini Kenya, kiwanda cha kuyeyusha batri kuukuu kilisambaza sumu ya risasi katika mtaa mzima, watoto wakiwamo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1,3 za Kenya. Batri kama hiyo haivunjwi kwenye kiwanja cha nyumba na haichomwi. Fundi aliichukua ili aiuze nzima.

Jaribio letu lilifanyika Jumapili mchana, baada ya misa. Invata ilizimwa pia, makusudi. Klavie ilikaa saa nne bila kulalamika. Sireni ililia sekunde mbili. Papa sentineli wa jirani alikuwa amearifiwa tangu asubuhi, lakini alikuja mbio hata hivyo, fimbo mkononi.