Barua ya Wakili Juu ya Deni

Watu wengi wa hapa Gisenyi huishi kwa biashara ya mpakani, na biashara haikosi deni. Mtu hukopa, hununua vitunguu na karoti, huvuka kwenda Goma kuuza, kisha hulipa. Mboga zikioza, au mpaka ukifungwa kama mwaka 2020, deni hubaki palepale; na siku moja huja barua yenye muhuri wa wakili.

Hapo wengine huificha barua chini ya godoro, na wengine huuza mbuzi siku ileile. Mwaka jana shangazi yangu alidaiwa faranga 400,000, akataka kuuza cherehani yake, nayo ndiyo inayonilipia karo. Tulipotazama stakabadhi zake tukaona amekwisha kulipa 150,000 ambazo hazikuhesabiwa.

Yafaa kujua kwamba wakili si hakimu. Barua yake ni dai la mtu aliyemtuma, basi. Kutwaa mali ya mtu kwa hukumu ni kazi ya yule tumwitaye kwa Kinyarwanda umuhesha w'inkiko. Wala mtu hafungwi kwa kuwa ameshindwa tu kulipa deni; Katiba ya Rwanda yakataza, kifungu cha 29. (Udanganyifu ni habari nyingine.) Lakini aliyeweka nyumba rehani asikawie hata kidogo, maana benki yaweza kuomba kwa Msajili Mkuu nyumba iuzwe kwa mnada pasipo kushtaki kwanza.

Sisi tuliandika hivi: “Bwana Wakili, nimepata barua yako. Kabla sijasema neno juu ya deni hilo, nakuomba uniletee nakala ya mkataba, hesabu ya fedha nilizokwisha kulipa, na jinsi riba ilivyohesabiwa. Natia humu nakala za stakabadhi zangu tatu.”

Shangazi alitaka kuongeza habari za mtoto mgonjwa, na kuahidi kulipa zote mwisho wa mwezi. Nilimzuia, kwani ahadi ya namna hiyo yaweza kuhesabiwa kuwa amekiri deni lote. Hesabu mpya ilipokuja, 250,000, ndipo akataja kiasi anachoweza kweli: 50,000 kwa mwezi, miezi mitano. Wakakubali.

Barua iandikwe nakala mbili, uipeleke mwenyewe, na karani atie sahihi na tarehe juu ya nakala yako. Fedha nazo zipitie benki. Mjumbe asipewe mkononi, hata akiwa jirani.