"Tofauti" na "Mbalimbali" katika Majibu ya Fasihi

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha jibu lenye sentensi hii: "Mwandishi ametumia mbinu tofauti kuendeleza maudhui." Tofauti na zipi? Mtahiniwa hasemi. Alikusudia kwamba mbinu ni nyingi na za aina aina, na hapo neno mwafaka ni *mbalimbali* au *anuwai*.

Chimbuko la kosa hili ni Kiingereza, ambacho kina neno moja linalobeba maana zote mbili. *Tofauti*, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, hulinganisha: sharti kuwe na pande mbili au zaidi, na jambo ambalo kwalo pande hizo zinaachana. *Mbalimbali* halidai ulinganishi. Wahusika mbalimbali wanaweza wote kuwa na msimamo mmoja.

Nawe mtahiniwa, chukua tamthilia ya *Kifo Kisimani* ya Kithaka wa Mberia. Ukiambiwa umtofautishe Mwelusi na Gege, usiandike aya moja kumhusu Mwelusi, nyingine kumhusu Gege, kisha ukaweka kalamu chini. Hizo ni sifa za watu wawili. Tofauti hujaitaja, na alama za tofauti huzipati. Anza pale wanapokutana: ni ndugu, na wote wanaishi chini ya utawala wa Bokono. Ndipo uonyeshe wanapoachana. Mwelusi anaupinga utawala huo licha ya mateso, ilhali Gege anarubuniwa kwa ahadi ya kumwoa binti ya mtawala hata akamuua nduguye kisimani. Neno *ilhali* hapo ndilo linalofanya kazi ya kutofautisha.

Sarufi nayo huponza wengi. "Msimamo wa Madhubuti ni tofauti na Nasaba Bora," ameandika mmoja kuhusu *Kidagaa Kimemwozea*. Msimamo umelinganishwa na mtu! Sema "ni tofauti na *wa* Nasaba Bora". Wanaosema "tofauti kutoka kwa" wanafanya tafsiri sisisi, *na* inatosha.

Kitenzi *tofautiana* kina mtego wake, kwani pia ni kutokubaliana. "Madhubuti anatofautiana na babake": kwa tabia, au wanazozana? Mtahini hatakukisia. Andika "anatofautiana na babake kitabia" ikiwa ni tabia, na "anatofautiana na babake kuhusu ufisadi" ikiwa ni mgogoro.